Chumba Kisichoingia Upepo

Katika karakana ya fundi wa makochi hakuna aliyethubutu kuwasha sigara, na aliyeweka sheria hiyo ni fundi mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa mvutaji mkubwa kuliko wote mtaani. Mteja akiingia na kipisi mdomoni, fundi hakumsalimia kwanza. Alimwonyesha mlango kwa nyundo aliyoishika, akamwambia, "Malizia huko nje, bwana, ndipo tuzungumze. Sponji haitaki utani." Na kweli haitaki. Ikipata cheche moja, kochi zima linawaka kabla mwenyewe hajageuka, na gundi ndiyo inayochochea. Alipokuwa kijana anayejifunza kazi aliiona karakana ya jirani ikiteketea yote, na siku hiyo hiyo akala kiapo. Katika miaka yake yote ya kuyavika makochi ya watu vitambaa vipya, hakuwahi kuunguza hata kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja. Watu walimsifu kwa hilo, naye kichwa kilimvimba kidogo, kama ilivyo haki ya fundi yeyote anayejua kazi yake.

Sasa mtu anayevuta kama yeye, akishinda kutwa bila kuvuta, hamu yake anaipeleka wapi? Anaipeleka nyumbani. Jioni alifunga karakana, akavuka barabara, akaingia sebuleni kwake, akavua viatu, na kabla hajaulizwa za kutwa kiberiti kilikuwa kimeshawaka. Hapo alizifidia zote alizozikosa mchana, moja ikiwashwa kwa moto wa mwenzake. Alikuwa na kochi lake la mtu mmoja, alilolitengeneza kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, mgongo rangi moja na mikono rangi nyingine, na pembeni yake kisahani cha chuma cha majivu. Mkewe alikimwaga kisahani hicho asubuhi na jioni bila neno, kama alivyofagia na kuosha vyombo. Mapazia ya sebule yalikuwa meupe walipooana. Yalipogeuka rangi ya chai, mama wa watu alinunua mengine ya rangi ya chai, mambo yakaisha.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, habari hizi zingekuwa rahisi kusimulia. Pombe hakuigusa, mkono hakumwinulia mtu, na watoto wake wote aliwasomesha kwa sindano na uzi. Waliosema ana roho nzuri hawakutia chumvi. Sigara ilihesabiwa kuwa starehe yake pekee, na nani atamnyima mzee starehe yake pekee ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe? Hakuna. Hata wazo lenyewe halikuwahi kumpita mtu kichwani.

Binti yake wa mwisho alirudi nyumbani akiwa na mtoto wa kike mgongoni na begi mkononi, ndoa imemshinda. Hakuulizwa mengi. Mama yake alimwandalia chumba cha ndani, na baba yake akamtengenezea mtoto kitanda kidogo chenye godoro la sponji nene, ile nzuri anayowawekea wateja wenye nafasi zao. Baada ya muda binti akapata kazi katika kiwanda cha mikate, kazi ya kutoka kabla jua halijachomoza na kurudi alasiri yuko hoi, nywele zimejaa unga. Kwa hiyo mtoto akawa wa bibi mchana, na wa babu kuanzia jioni. Alikuwa mdogo wa umbo hata kwa umri wake, ndipo babu akaanza kumwita Kiduchu, na jina alilopewa na baba yake likasahaulika.

Wawili hao walipendana mpaka ikawa kero. Babu akifika mlangoni aliuliza kwa sauti kubwa, "Mke wangu yuko wapi?" na Kiduchu akatoka mbio na kumning'inia mguuni.

"Na yule mwanamke aliyeko jikoni ni nani?" babu angeuliza.

"Mpishi wetu," angejibu Kiduchu, ambaye alifundishwa jibu hilo hata kabla hajaweza kulitamka vizuri.

"Sawa," bibi angesema kutoka jikoni. "Leo basi mtakula mapenzi yenu. Chakula changu nakula peke yangu."

Kisha fundi aliketi kwenye kochi lake, Kiduchu akapanda mapajani, na mchezo wao ukaanza. Fundi alijua kuutoa moshi mdomoni kwa miviringo, mmoja baada ya mwingine, mikubwa na midogo. Kiduchu aliiita pete. "Nitolee pete, babu," alisema, na babu akamtolea, naye akaingiza kidole katikati ya pete kabla haijapotea. Zilipoisha aliomba nyingine. Mara nyingi alilala hapo hapo, shavu kwenye kifua cha babu yake, na babu akaendelea kuvuta polepole, bila kujitikisa, asije akamwamsha. Ukimuuliza hata leo siku za raha katika maisha yake, atakutajia hizo.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Kwanza kilikuwa cha asubuhi, halafu cha asubuhi na jioni, halafu kikawa hakina saa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi, ugonjwa wowote wa kifua ulikuwa na jina moja tu, nalo ni baridi. Baridi imemwingia. Baridi imemkaa. Baridi ya sakafuni, baridi ya alfajiri, baridi ya maji ya kuogea. Bibi alimvika sweta juu ya sweta, akamchua kifua kwa dawa ya kuwasha mpaka mtoto akalia machozi. Jirani wa mkono wa kushoto alisema ni baridi, wa mkono wa kulia akasema ni baridi iliyochelewa kutoka, na hapo ndipo ubingwa wa mtaa ulipoishia.

Fundi ndiye aliyempeleka zahanati, maana mama mtu alikuwa kazini. Foleni ilikuwa ndefu na nesi alikuwa mmoja. Alimpima Kiduchu, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza maswali huku akiandika.

"Mnapikia nini nyumbani, mzee? Kuni? Mkaa?"

"Gesi," fundi alisema. "Tena jiko liko uani."

"Kwa hiyo ndani hakuna moshi."

"Moshi? Hakuna kabisa."

Alijibu kwa fahari, na hakuwa anadanganya. Moshi aliujua. Aliuona katika jiko la marehemu mama yake, ule unaotoa watu machozi, unaoacha masizi kwenye dari na kumfanya mpishi atoke nje kupumua. Yeye alimwepusha mke wake na mateso hayo, na alijivunia hilo kama mume. Kilichotoka mdomoni mwake kila jioni hakikuwa moshi hata kidogo. Hiyo ilikuwa sigara. Nesi naye bila shaka aliisikia harufu kwenye koti lake, lakini wazee kunuka tumbaku ni jambo la kawaida, na nyuma yao kulikuwa na watoto wengine wanaolia. Aliwapa dawa ya maji ya kifua, akasema mtoto asipigwe na baridi.

Asipigwe na baridi! Hiyo ndiyo kazi aliyoisubiri. Mtu wa mikono akiambiwa mjukuu anaumwa hukaa ameshika tama, hana la kufanya, lakini akiambiwa upepo unaingia dirishani huyo anajua pa kuanzia. Jumapili moja aliingia sebuleni na mkasi, gundi na furushi la sponji. Alipima kila ufa wa dirisha kwa kidole. Akakata sponji vipande vyembamba, akavibana kwenye fremu, akavifunika kwa kitambaa kizuri cha maua kilichobaki kwenye kochi la mteja. Vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya dirisha akavijaza mpaka vikanyamaza. Mlango akaushonea mto mrefu wa kuziba chini. Kazi ilikuwa safi mno, jirani alipoiona akaomba na yeye afanyiwe. Mwisho wa yote fundi aliwasha kiberiti akakisogeza karibu na dirisha ili apime. Mwali ulisimama wima, haukutikisika. "Umeona, mama?" alimwambia mkewe. "Humu haingii kitu." Na kwa kuwa kiberiti kilikuwa kimeshawaka, akawashia sigara.

Sebule ikawa ndiyo chumba chenye joto kuliko vyote, kwa hiyo kitanda cha Kiduchu kikahamishiwa humo, karibu na kochi la babu. Fundi akawa mlinzi. Mtoto alipokohoa yeye alishtuka, na aliposhtuka aliwasha nyingine, maana mkono wake ulijua njia moja tu ya kutuliza moyo. Kadiri kikohozi kilivyozidi, wasiwasi ulizidi, na kadiri wasiwasi ulivyozidi, kisahani kilijaa mapema. Mtu anayesikiliza haya sasa anaona wazi mduara ulivyokuwa unazunguka. Aliyekuwa ndani yake hakuona, na inauma kusema kwamba hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyeona.

Labda binti aliona nusu. Jioni moja, macho mekundu ya usingizi, alisema, "Baba, huwezi kuvutia nje hiyo?"

Mama yake akamdaka kabla baba hajafungua mdomo. "Nje na mvua hii? Unataka na baba yako apigwe na baridi, tuwe na wagonjwa wawili?"

Binti akageuka kumfunika mtoto. Alikuwa anakula na kulala kwa baba yake, na mtu wa hali hiyo huwa anapima maneno. Fundi, kwa kuwa alikuwa msikivu, alianza kugeuza uso na kupulizia dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa kwa mikono yake mwenyewe, lakini alijiona amemaliza deni la adabu.

Mvua zilipokolea, kazi karakana ikasimama. Hakuna anayebeba kochi mvuani. Fundi akawa anashinda nyumbani, na sheria ya karakana haikuwa na nguvu nyumbani. Siku ya tatu hivi ya kushinda ndani, alasiri, Kiduchu aliacha kucheza, akaacha kuzungumza. Alikaa kitandani ameshika godoro kwa mikono yote miwili, mabega juu, na kila alipovuta pumzi kifua kilipiga filimbi na ngozi ya shingo ikazama ndani. Bibi alimwita, naye akataka kujibu. Neno lilikuwa fupi tu, "bibi," lakini alilisema kwa mapande mawili, na katikati ya mapande hayo alihangaika kutafuta hewa.

"Funga mlango, baridi inaingia," fundi alisema. Ndilo lililomjia.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa na binti akaingia kutoka kiwandani. Alisimama kizingitini, akakunja uso kwa hewa ya mle ndani, halafu akaona midomo ya mwanawe, rangi yake ya buluu. Hakuuliza kitu. Alimnyakua kama alivyo na kutoka naye mvuani, aproni ya kiwanda ingali kiunoni, huku baba yake akimfuata nyuma anapiga kelele kwamba mtoto ataloa. Jirani mwenye gari aliwapeleka. Njiani fundi aliona jambo ambalo hakulielewa: kwenye lile gari lenye dirisha bovu lisilofunga, upepo na manyunyu vinawapiga usoni, filimbi ya kifua cha Kiduchu haikuzidi. Ilipungua kidogo.

Hospitali walimvika kinyago cha kumpa hewa, kikubwa kuliko uso wake. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Alipokwisha kumsikiliza kifua aliinama zaidi, mpaka pua yake ikagusa nywele za mtoto, akakaa hivyo kidogo. Kisha akainuka na kumtazama mama.

"Unavuta sigara, mama?"

"Hapana, daktari. Sijawahi."

"Ni nani anayevuta karibu na mtoto huyu?"

Fundi alijibu upesi, kwa nia ya kusaidia. "Navuta mimi tu, daktari. Yeye havuti."

Mahali pengine watu wangecheka. Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu na mzee.

"Anavuta, baba. Ukivuta wewe chumbani, anavuta na yeye, anavuta mama yake, anavuta na bibi yake. Tena yeye anaumia zaidi yenu. Mapafu yake ndiyo kwanza yanakua. Njia zake za hewa ni nyembamba, zikivimba kidogo tu zinaziba, na zikikaa zimevimba, kila maradhi yanapata pa kuingilia. Sasa hivi ana pumu, na juu yake ana homa ya mapafu."

"Si baridi?" fundi aliuliza.

"Si baridi. Nywele zake zinanuka tumbaku, baba, kama za mtu mzima."

"Nilikuwa napulizia dirishani."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

Binti ndiye aliyejibu. "Aliliziba, daktari. Aliziba chumba kizima kwa sponji. Mtoto asipigwe na baridi."

Daktari alifumba macho, kisha akayafumbua. "Hata lingekuwa wazi, lisingetosha. Moshi hautoki wote, unabaki kwenye mapazia, kwenye makochi, kwenye nguo. Huko zahanati hawakuwauliza kama ndani kuna moshi?"

"Waliniuliza moshi," fundi alisema. "Hawakuniuliza sigara."

Kinyago kilifuka mvuke wa dawa, kifua kidogo kikapanda na kushuka. Mzee mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ameyasikia maneno yake, na aliyasikia kama wengine walivyoyasikia. Baadaye binti yake alisema, bila kumtazama, "Karakana huvuti, baba."

"Sivuti."

"Kwa nini huvuti?"

Alijua swali linakokwenda, na hakuwa na pa kujificha. "Sponji," alisema. "Sponji itaungua."

"Ehe," binti alisema. "Sponji uliionea huruma."

Angempiga kofi ingekuwa afadhali. Hakumpiga, wala hakupaza sauti, na hakulirudia neno hilo tena maishani mwake. Halikuhitaji kurudiwa. Fundi alitoka nje kwenye korido, akaingiza mkono mfukoni, akaikuta pakiti, akaishika tu.

Kiduchu alichungulia kaburi akarudi. Lakini hakurudi mzima. Daktari alieleza kwamba sehemu ya chini ya pafu moja iliharibika kwa maradhi yale, na kwamba kinachoharibika kwa mtoto mdogo namna hiyo hakirudi kama kilivyokuwa. Atakwenda shule, atacheza, atakua. Atakuwa mtu wa kuchoka mapema. Fundi, ambaye aliweza kuchukua kochi lililotobolewa na panya na kulirudisha kwa mwenyewe likiwa jipya, alisikiliza maelezo hayo akisubiri mahali patakaposemwa namna ya kurekebisha. Hapakuwepo.

Siku ya kutoka hospitali, binti alimwambia mama yake kwamba hawarudi nyumbani. Mfanyakazi mwenzake alikuwa na chumba upande mwingine wa mji, wangekaa huko.

"Naacha," fundi alisema. "Leo hii naacha, mwanangu."

"Acha, baba. Itakuwa vizuri, acha." Alikuwa anakunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye mfuko. "Lakini sisi tunakwenda."

Jioni hiyo fundi aliliingia dirisha kwa koleo. Aling'oa vitambaa vya maua, aking'oa na sponji iliyokuwa nyuma yake. Alipoiweka ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa ya kahawia, na ilipopasuka mkononi ilitoa harufu iliyomfanya arudi nyuma, yeye mwenyewe mwenye harufu hiyo. Sponji hizo zilikaa pale msimu mmoja wa mvua. Kiduchu alikaa mle tangu ananyonya. Fundi aliketi chini katikati ya vile vipande akalia, mzee mzima, kwa sauti, na mkewe alisimama mlangoni na ufagio asijue aanze kufagia au amwache kwanza.

Kuacha kulimwonyesha cha mtema kuni. Mikono ilimtetemeka akajigonga vidole kwa nyundo, akawagombeza wateja, akakosa usingizi. Mara ya kwanza alishindwa, akaanza tena. Mara ya pili alidhani ni ujanja kuvutia mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, mpaka mkewe, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusema neno, alimwambia, "Baba, ingia au toka." Akatoka. Na baada ya hapo kweli akaacha. Alisugua kuta kwa sabuni, maji yakawa yanatiririka ya njano. Akapaka rangi mpya. Mapazia akayatupa, na lile kochi lake la rangi mbili akalivunja kwa mikono yake na kulichoma uani.

"Sebule imependeza," mkewe alisema, wakiwa wameketi humo wawili. "Tatizo hakuna wa kuichafua."

Binti hakukata undugu. Alikuja kusalimia, akakaa uani, mtoto mapajani, na muda mfupi akaaga. Hakueleza, wala hawakuuliza. Kuna wakati fundi aliona anaonewa. Mtu ameacha, amepaka rangi, amechoma kochi, anatakiwa afanye nini tena? Aliyanung'unika hayo karakana, peke yake, akipigilia misumari. Kisha alikumbuka ile "bibi" iliyotoka kwa mapande mawili, na manung'uniko yakamkauka mdomoni. Polepole binti alilegea. Kwanza waliingia sebuleni, wakala chakula. Baadaye sana, Kiduchu alipokwishaanza darasa la kwanza, fundi aliruhusiwa kwenda kumchukua shuleni siku ambazo mama yake ana zamu ya mchana.

Siku hizo alioga kabla ya kwenda, akavaa shati lililofuliwa. Kutoka shule kwenda kwa binti kuna mlima mdogo, kando ya ukuta mrefu wa ghala. Watoto wengine huupanda mbio, wakifukuzana, mikoba ikiwagonga mgongoni. Kiduchu na babu yake huupanda polepole, na katikati husimama. Husimama wote wawili, kwa sababu kifua cha fundi nacho sasa kilikuwa kimekwisha. Alasiri hiyo walisimama kama kawaida, kila mmoja ameegemeza mkono ukutani, midomo wazi. Muuza maji aliyekuwa anapita na mkokoteni wake aliwatazama, mzee na mtoto wanahema sawasawa, akaondoka bila kutania.

Kiduchu ndiye aliyemaliza kwanza. Alimsubiri babu yake, akimtazama kwa makini.

"Babu, na wewe kifua chako ni kibovu?"

"Kibovu, mama."

"Changu mama anasema kiliharibika nilipokuwa mdogo. Kuna mtu alikuwa ananivutia sigara ndani ya nyumba."

Fundi aliushika ukuta vizuri. "Alikwambia ni nani?"

"Hapana. Nilimuuliza, akasema ni mtu tu. Akasema alikuwa hajui."

Watoto wengine wawili walipita mbio, wakamwita Kiduchu kwa mkono, naye akawapungia. Hakujaribu kuwafuata. Akarudisha macho kwa babu yake, na uso wake ukawa wa huruma, huruma ya mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake.

"Pole, babu," alisema. "Na wewe, nani alikuwa anakuvutia?"

Mzee alifungua mdomo. Pumzi zilikuwa zimesharudi, zilimtosha kabisa kujibu. Alimtazama mtoto, mabega yake madogo yaliyopanda juu na hayakushuka tena sawasawa, na alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema hakuna. Angeweza kusema uzee. Binti yake alikuwa amemfungulia mlango huo wa kutokea, pengine kwa kumhurumia, na yeye aliuona.

"Ni huyo huyo," alisema. "Aliyekuvutia wewe."

"Huyo huyo?"

"Huyo huyo mmoja."

Kiduchu alifikiri, amekunja uso. Alitazama chini ya mlima, kisha juu, kana kwamba mtu huyo angeweza kutokea upande wowote.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Basi tukimwona, babu, tukimbie," Kiduchu alisema, halafu akacheka, kwa sababu wote wawili walijua hawawezi kukimbia. Akamshika babu yake mkono, na walipokwisha kupumzika vya kutosha, akaanza kumvuta taratibu kuumaliza mlima.